Wakili wa Mchimba Kisima

Jumatatu, 4 Machi

Mwalimu wetu wa jioni ametutaka kila mmoja aandike kidogo kila siku, hata mstari mmoja, mkono uzoee kabla ya mtihani wa Mei. Basi nimeanza leo. Mvua nayo imeanza leo, taratibu, kama mgeni anayetafuta pa kuweka mwavuli.

Nijieleze, maana mwalimu anasema msomaji asiachwe akipapasa gizani. Mimi ni mlezi katika shule ya watoto wadogo, wale wa kufungwa kamba za viatu na kufutwa makamasi. Kazi hii niliianza kijana wangu wa mwisho akiwa tumboni, na sasa ananyoa ndevu. Mwaka jana mkuu wetu alituita akatuambia, kwa upole kabisa, kwamba utaratibu umebadilika. Kuanzia Julai, mlezi asiye na cheti cha sekondari hatakaa darasani na watoto. Atahamia jikoni, au atakwenda nyumbani.

Masomo mengine nimeyapata, hata hesabu, na hilo namshukuru Mungu maana halikuwa la akili yangu. Limebaki moja tu, fasihi, ambalo nililifeli. Nikilifeli tena, hakuna mara ya tatu.

Jikoni si pabaya. Ila watoto hawaruhusiwi kuingia jikoni.

Jumanne, 5 Machi

Tunasomea katika darasa la watoto wa mchana, kwa hiyo sisi watu wazima tunakaa magoti yakiwa karibu na kidevu. Mwalimu ni binti mdogo, angeweza kuwa mwanangu. Tumembandika jina la Mwalimu Mfano, maana ukisema lolote atakuambia, "Nipe mfano." Wiki iliyopita fundi bomba, anayekaa pembeni yangu, alisema, "Mwalimu, leo naumwa." Akaambiwa atoe mfano. Akakohoa.

Leo ni fani na maudhui. Maudhui ni kile kinachosemwa, fani ni namna kinavyosemwa. Fundi bomba akanyoosha mkono: "Kwa hiyo maudhui ni maji, fani ni bomba."

"Vizuri," mwalimu akasema. "Ila kwenye hadithi, hata bomba linanyweka."

Nimeliandika hilo. Sijalielewa sawasawa, lakini limenipendeza.

Alhamisi, 7 Machi

Wifi yangu amefagia tena sebule niliyokwisha kuifagia.

Huyu ni dada wa mume wangu. Alikuja Desemba kwa wiki moja, baada ya ndoa yake kuvunjika, na wiki hiyo bado haijaisha. Simsemi vibaya. Nilimwambia tu, "Haina neno, wifi, nimekusamehe." Akanitazama kana kwamba nimemsalimia kwa lugha ya kigeni.

Jumapili, 10 Machi

Ibada. Mvua. Nguo hazikauki.

Jumanne, 12 Machi

Leo tumesomewa hadithi itakayotoka kwenye mtihani. Mwalimu Mfano alisoma mwenyewe, amekaa juu ya meza, na mvua ikipiga bati mpaka sehemu nyingine alilazimika kurudia.

Ni marafiki wawili wanachimba kisima mahali pakame, na anayesimulia ni mmoja wao. Wamechimba mpaka mikono imetoka malengelenge. Jioni moja, aliye chini shimoni anashika udongo na kuuona una unyevu. Anapanda juu na kumwambia mwenzake, "Hapa ni pakavu, tumepoteza nguvu zetu." Mwenzake anafungasha na kwenda mbali kutafuta maisha. Huyu anarudi peke yake, anachimba kidogo tu, maji yanatoka. Anakuwa mwenye kisima. Miaka inapita, unakuja ukame, na yule rafiki anarudi na familia yake, amechoka, anaomba maji. Mchimba kisima anampa bure. Kila asubuhi anampelekea mwenyewe ndoo mlangoni, na kila asubuhi rafiki anamshukuru. Hamwambii chochote. Hadithi inaishia hapo, kwa ndoo na shukrani.

Nililia. Fundi bomba akanipa kitambaa chake, kikiwa na harufu ya gundi ya mabomba. Swali la nyumbani: mchambue mhusika mkuu.

Jumatano, 13 Machi

Nimeshika kalamu tangu nilipotoka kazini. Hapa pana jambo lazima nilieleze.

Mwanzoni mwa mwaka huu kikundi chetu cha sala tuliweka nadhiri. Mwenzetu mmoja alisemwasemwa mpaka akahama mtaa, na tulipokaa kuulizana nani alianza, kila mmoja alitazama vidole vyake. Basi tukaahidi mbele za Mungu: mwaka mzima hakuna kumsema mtu asiyekuwepo. Ukiwa na neno, umwambie akiwepo. Kama huwezi, usamehe, unyamaze.

Nimeishika nadhiri hiyo kuliko nilivyowahi kushika kitu. Sasa mwalimu ananitaka nikae mezani na kuandika tabia mbaya za mtu ambaye hayupo kujitetea. Nimemtafutia la kusema. Huenda alikuwa na njaa. Huenda unyevu wenyewe ulikuwa kidogo. Na maji alimpa, tena bure, tena kwa mkono wake. Nimejaza kurasa mbili.

Jumanne, 19 Machi

Kazi zimerudi. Yangu ina alama ambayo sitaiandika. Chini yake kwa wino mwekundu: *Hujachambua. Umesamehe.*

Nikabaki nyuma wengine wakikusanya miavuli.

"Mwalimu, mimi nina nadhiri," nikamwambia, nikamweleza yote.

Alinisikiliza bila kucheka, ninamshukuru kwa hilo. "Lakini mama, huyu si mtu. Ni mhusika. Ametengenezwa kwa maneno."

"Nimemlilia, mwalimu. Mtu asiyekuwepo hawezi kuliza mtu."

"Na nadhiri yenu ni kutomsema asiyekuwepo."

"Ndiyo. Na huyu hayupo kuliko wote."

Hapo fundi bomba, ambaye kumbe hakuwa ametoka, akaegemea mlango. "Wakili," akaniita, "mteja wako kaiba kisima kizima. Hata wizi wa kikombe hukuutaja."

Mwalimu akaziba mdomo kwa kiganja, mabega yakimcheza. Kisha akaniambia, akiwa makini, "Mama, mimi siwezi kukuvunjia nadhiri yako. Lakini mtihani hautakuuliza kama umemsamehe. Utakuuliza kama umemwona."

Jina la Wakili limenishika darasa zima.

Jumapili, 24 Machi

Nilimfuata dada mkuu wa kikundi baada ya ibada, nikamuuliza kama nadhiri inawahusu na watu wa kwenye vitabu.

"Watu wa kwenye vitabu," akarudia. "Wako wengi?"

"Kwenye mtihani ni mmoja."

"Acha niliombee."

Jumanne, 26 Machi

Mandhari: mahali, wakati na hali inapotokea hadithi. Msuko: matukio yanavyofuatana na kusukumana. Mgogoro: mtu anavyovutana na mwenzake, au na nafsi yake. Taharuki: hamu ya kujua kitakachofuata, ile inayokufanya uunguze chakula. Yote nimeyakariri nikiwa nakunja nguo. Wifi alikuwa akinisikiliza toka mlangoni, kisha akazikunja upya zile nilizokunja. Nimemsamehe.

Jumapili, 31 Machi

Dada mkuu bado anaomba.

Jumatano, 3 Aprili

Mvua siku nzima. Watoto hawakutoka nje, darasa likanuka rangi na viatu vibichi.

Jumanne, 9 Aprili

Leo nimejifunza kitu kazini, si darasani.

Kila siku kabla watoto hawajalala mchana huwa nawasimulia hadithi. Napenda ile ya mtoto aliyepotea sokoni. Kwangu mimi huwa anapotea, halafu papo hapo mama yake anamwona, wanakumbatiana, wanakwenda nyumbani. Sipendi mtoto ateseke, hata wa hadithi. Leo nilipomaliza, kuna binti mmoja tunamwita Bosi, anasimama mikono kiunoni kama mwenye nyumba, akasema, "Hiyo sio hadithi. Hajapotea."

"Amepotea, si nimesema?"

"Hajapotea. Mama yake alikuwa hapo hapo."

Nikakaa nikifikiri. Kisha nikaianza upya. Safari hii mtoto aliachia mkono wa mama kwa sababu alitaka kutazama kuku, na alikuwa ameambiwa asiachie. Nikalisema hilo: alikosea. Nikamwacha atembee katikati ya miguu ya watu. Akadhani ameliona gauni la mama yake, akalivuta, aliyegeuka ni mwanamke mwingine. Mmoja alichomoa kidole mdomoni, wawili wakashika aproni yangu, na mimi mwenyewe nikajikuta namtafuta mama ingawa ndiye ninayejua mwisho. Mama alipopatikana, walishangilia hadi mwalimu wa chumba cha pili akaja kutazama kuna nini.

Wakati wanalala nilikaa na wazo hili: kumbe nilikuwa nawanyima furaha ya kupatikana kwa kuwa nilikataa apotee.

Alhamisi, 11 Aprili

Mhusika bapa na mhusika duara. Bapa ana tabia moja tu, kama picha ya ukutani, ukimzunguka nyuma huoni kitu. Duara ana pande nyingi, hubadilika, hukushtua. Fundi bomba akauliza mkewe ni yupi. Mwalimu akamwambia akamuulize mwenyewe, halafu alete mfano akiwa bado na meno.

Alhamisi, 18 Aprili

Jaribio la mwisho kabla ya mtihani. Nimefeli.

Sikufeli maneno. Maana ya taharuki nimeipata, mandhari nimeipata, hata kinaya, kwamba ni pale mambo yanapokuwa kinyume cha yanavyoonekana au yanavyotarajiwa. Nimeangushwa na swali kubwa, lile la mchimba kisima. Nilianza vizuri, kisha kalamu ikaanza kumtetea yenyewe. Mwalimu Mfano ameandika: *Unayajua majina ya vyombo vyote, mama, lakini hutaki kupika.*

Nimerudi nikiwa nimelowa. Mume wangu alikuwa amefunga kibanda chake cha kinyozi mapema kwa sababu ya mvua, akanikausha mabega kwa taulo la wateja. "Si umwambie tu mwalimu kwamba yule bwana ni mwizi?" akasema. "Nini kigumu?"

"Kwa sababu sio mwizi tu."

"Basi mwambie sio mwizi tu."

Alisema huku akitafuta soksi. Nilikwenda kuomba, na nilipofika kwenye kumwombea mchimba kisima nikaona nimekwama, sijui niombe nini, maana sijawahi kukiri kwamba alifanya kitu.

Jumapili, 21 Aprili

Nitaandika polepole, nisiruke.

Asubuhi ilinyesha kana kwamba mbingu zimetobolewa. Ibada haikuwezekana, njia ilikuwa mto. Mume wangu alikwenda kuangalia kibanda chake kisije kikaingia maji. Nikabaki na wifi, na paa likaanza kuvuja sebuleni, kwanza juu ya kabati, halafu karibu na mlango, halafu katikati. Nikaleta sufuria, nikalitega pale katikati. Nilikwenda kuleta jingine, na niliporudi nikakuta amelitoa sufuria langu na kuweka ndoo yake.

Nikavuta pumzi. Nikatabasamu. "Haina neno, wifi. Nimekusamehe."

Akaliweka chini, pale mlangoni, sufuria alilokuwa ameshika. Aliliweka taratibu mno, ndiyo maana niliogopa.

"Leo utaniambia," akasema.

"Nikuambie nini?"

"Kosa langu. Tangu Desemba unanisamehe. Asubuhi unanisamehe, jioni unanisamehe. Hata hakimu aliyevunja ndoa yangu alinisomea shitaka kwanza."

"Wifi, huna kosa lolote."

"Sasa unanisamehe nini?"

Maji yalikuwa yakidondoka ndoani, na yale ya kwenye sufuria la mlangoni yakidondoka kwa sauti nyingine.

"Mume wangu alikuwa hivi hivi," akasema, akitazama ndoo. "Watu wote wanamsifu, hakuwahi kunigombeza. Ni kweli. Nikiunguza, haina neno. Nikichelewa, haina neno. Nikadhani nimeolewa na malaika. Miaka yote hiyo alikuwa anayaweka. Siku alipofungasha ndipo nikajua kumbe lilikuwepo neno, tena mengi, na hakuna hata moja ambalo ningeweza kulirekebisha kwa sababu hakuna nililoambiwa." Akanitazama sasa. "Wewe ukinichekea vile, wifi, mimi huenda chumbani nikapanga nguo zangu. Najua siku yoyote nitaambiwa niondoke."

Mungu ndiye anayejua jinsi nilivyojisikia. Nadhiri yetu ilikuwa na sehemu mbili, na mimi nilikuwa nimeishika moja. Ukiwa na neno, umwambie akiwepo. Alikuwa yupo. Alikuwa yupo kila siku, tangu Desemba, kwenye kiti kile kile, na nilimfanya kama hayupo.

Nikakaa kwenye mkono wa kiti, maana kiti chenyewe kilikuwa kimelowa. "Haya," nikasema. "Unafagia mahali ambapo nimefagia."

"Endelea."

"Unakunja upya nguo nilizokunja. Unanionyesha ndani ya nyumba yangu kwamba mimi ni mchafu. Inaniudhi. Nikirudi kutoka kazini nimechoka na nikakuona na ufagio, natamani kurudi kazini."

Sijawahi kumwambia mtu mzima maneno kama hayo. Yeye akafanya kitu ambacho sikukitegemea. Akashusha pumzi, kama mtu aliyetuliwa mzigo kichwani.

"Mimi hata vumbi silioni," akasema. "Nafagia kwa sababu humu ndani kila kazi ina mwenyewe. Kupika unapika, kaka yangu anateka maji, nguo unafua. Nikikaa bure najiona mdaiwa. Ufagio ndio pekee ambao asubuhi hauna mtu."

"Nilidhani unanisimanga."

"Na mimi nilidhani unanifukuza kwa heshima."

"Tena unaimba vibaya," nikamwambia. Lilitoka lenyewe.

"Hilo nalijua," akasema. "Hilo nisamehe."

Tulicheka hadi sufuria la mlangoni likajaa na kumwagika bila mtu kuliona. Kisha tukapangiana kazi: kupika ni kwake siku zote za darasa langu, na ufagio ni wangu, asiushike.

Jioni hiyo hiyo nimesoma nilivyoandika tangu Machi. Kila wifi anapotokea, anatokea na ufagio au na nguo anazokunja upya, na kila mara nimemalizia na lile neno langu zuri. Nimejifunza mhusika bapa kwa muda wote huu na nilikuwa naye sebuleni, na aliyemgandamiza awe bapa ni mimi. Kusamehe kwangu kulikuwa njia ya kutokumtazama. Na anayesimulia haya ni nani? Ni mimi. Nafsi ya kwanza. Naye amejiandika mwema kila ukurasa.

Hapo nikamkumbuka mchimba kisima. Naye anasimulia mwenyewe.

Jumatatu, 22 Aprili

Nilimsomea wifi hadithi nzima huku akipika. Hata sikuwa nimefika katikati, akanikatiza: "Mwizi. Nukta. Fungua ukurasa mwingine."

"Na ndoo anazopeleka kila asubuhi?"

"Anamletea mtu mali yake mwenyewe kwa vikombe vikombe. Mimi ningezimwaga mlangoni pake."

"Lakini anakwenda mwenyewe, wifi. Angeweza kutuma mtu. Anakwenda kushukuriwa, na ile shukrani inamchoma. Ungekuwa wewe ungekwenda mahali unapochomwa kila siku?"

Akakoroga kidogo. "Kama sijapata ujasiri wa kusema, labda."

Yeye anahukumu kila mtu, mimi nasamehe kila mtu, na katikati yetu yule bwana akaanza kuonekana ana mgongo na ana uso. Nimeandika upya. Sikumtetea. Nimesema alimdhulumu rafiki yake, nikaonyesha wapi. Halafu nikasema kwa nini anahuzunisha, nikaonyesha wapi. Sikujiona nimemsengenya. Kusengenya ni kumsema mtu ili apungue. Huku ni kumsema mpaka akamilike.

Jumanne, 23 Aprili

Mwalimu Mfano aliisoma akiwa amesimama, akageuza ukurasa, akarudi nyuma, akageuza tena. Akaniuliza, "Nadhiri je?"

"Nimeisoma vizuri zaidi."

Akaandika alama. Hii ningeweza kuiandika hapa lakini nitajivuna.

Jumapili, 28 Aprili

Dada mkuu amepata jibu: watu wa vitabuni tuwaseme, ila kwa haki. Nimemshukuru. Amesema angependa kusomewa hiyo hadithi.

Alhamisi, 2 Mei

Mafua. Watoto wote na mimi.

Jumanne, 7 Mei

Mtihani.

Nililala vizuri, namshukuru Mungu, na wifi alikuwa ameamka kabla yangu, uji uko tayari, ufagio uko pale pale nilipouacha. Mume wangu alinisindikiza hadi lango la shule. Alitaka kuniambia kitu cha kunitia moyo, akaishia kuniweka sawa ukosi.

Fundi bomba alikuja viatu vimejaa tope, ametoka kuziba bomba la mtu alfajiri. Tukiwa kwenye mstari akaninong'oneza, "Wakili, leo unashitaki au unatetea?"

"Leo natoa ushahidi."

Swali la mwisho, lenye alama nyingi kuliko yote, lilikuwa hili: *Je, msimulizi wa hadithi hii anaaminika? Jadili kwa mifano.* Nililisoma, kalamu nikailaza mezani, nikaomba kimya. Sikuomba jibu. Niliomba nisimwonee mtu yeyote, wala nisimfiche.

Kisha nikaandika. Kwamba huyu anasimulia kwa nafsi ya kwanza, kwa hiyo tunaona tu anachotaka tuone. Kwamba ndoo ameitaja karibu kila ukurasa, lakini udongo wenye unyevu ameutaja mara moja tu, kwa haraka, katikati ya sentensi ndefu inayohusu uchovu wa mgongo, kama mtu anayepitisha kitu chini ya meza. Kwamba hadithi nzima hamwiti rafiki yake kwa jina, anamwita "yule", maana jina lingemfanya amwone. Kwamba kinaya ni hiki: mwenye maji anashukuru kwa maji yake. Kwamba mtu anayejisifu kwa wema huo huo kila mara tumuulize anafunika nini. Hapo nilisita, maana nilikuwa najiandika mimi, nikaendelea.

Mwishoni nikaandika kwamba haaminiki kuhusu matendo yake, lakini anaaminika kuhusu maumivu yake, kwa kuwa hakuna aliyemlazimisha kuutaja ule udongo. Angeweza kuuacha kabisa nasi tusingejua. Aliutaja. Kuna sehemu ndani yake iliyotaka kukamatwa.

Kengele ikalia nikiwa kwenye nukta.

Jumatano, 8 Mei

Nimefagia peke yangu. Raha tupu.

Jumapili, 19 Mei

Mvua zinapungua. Wifi amepata kazi ya nusu siku kwa mshona mapazia. Anatafuta chumba, lakini safari hii tumemwambia asiwe na haraka, na tunamaanisha. Nimemwambia pia kwamba nikianza kuchoka nitamwambia. Akasema, "Hapo ndipo nitalala."

Jumatatu, 3 Juni

Mkuu ameuliza kama matokeo yameshatoka. Nimesema bado. Amesema jikoni wanapaka rangi mpya. Sijui kwa nini aliniambia hilo.

Ijumaa, 14 Juni

Matokeo yamebandikwa leo kwenye ubao wa ofisi ya elimu. Mimi sikuweza kutoka, mlezi mwenzangu anaumwa. Wifi akasema atakwenda yeye.

Siku nzima nimefunga kamba za viatu bila kujua ni za nani. Watoto walipochukuliwa wote nikabaki kufuta meza, zile ndogo, na ndipo nilipomwona akiingia getini, anatembea kama mtu anayekwenda dukani. Akaingia darasani, akavuta kiti cha mtoto, akakaa, magoti juu.

"Vipi, wifi?"

Akapangusa viatu. "Nilitoka nyumbani asubuhi," akasema. "Mawingu yalikuwa mepesi, barabara imekauka pembeni, katikati bado kuna matope."

"Wifi, usinifanyie hivyo."

"Tulia. Hii ni mandhari." Akakunja mikono. "Nikafika ofisini. Watu wamejaa. Ubao uko juu, na mbele yangu amesimama bwana mrefu, amevaa kofia pana namna hii. Sioni kitu. Namwambia asogee, hasogei. Huo ni mgogoro."

"Wifi, sema sasa hivi nitakusamehe kila kitu."

"Usianze tena." Uso wake haukuwa na kitu, mkavu kama ukuta. "Pembeni nikamwona yule fundi bomba wenu. Amefaulu. Amekaa kwenye ngazi analia, watu wanadhani amefiwa. Nikamwacha. Nikapita chini ya mkono wa yule mwenye kofia. Nikaanza juu, jina moja moja, kidole kwenye karatasi, nashuka, nashuka."

Kitambaa kilikuwa kikinidondoshea maji kwenye viatu. Nilikuwa nimesimama kati ya meza zile ndogo, na kila moja nilijua anakaa nani.

"Sasa nikuulize," akasema. "Anayekusimulia ni mimi. Nafsi ya kwanza. Naaminika au siaminiki?"

Nikamtazama. Nilimtazama vizuri, kwa muda, kama ninavyopaswa kumtazama mtu. "Unapenda kuanzia mbali," nikamwambia. "Unatia chumvi. Na ile kofia umeiongezea upana. Lakini unaaminika."

"Basi umefaulu," akasema. "Na kofia ilikuwa pana kweli."